Opsheni ya Georgia Tech na Wakimbiaji Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Agosti inapoelekea ukingoni na futiboli ya vyuo vya Marekani kunukia, simu yangu huanza kulia. Ni jamaa zetu wa jimbo hili la Georgia: wa Goma na Bukavu waliopokelewa Clarkston, wa Mombasa walioko Marietta, na binamu yangu wa Tanga ambaye kazini kwake karibu kila mtu ni wa Georgia Tech, naye amechoka kukaa kimya wakati wa chakula cha mchana. Wote wamesikia wazee wa Tech wakikumbuka enzi za opsheni, yaani misimu ya 2008 hadi 2018, kocha Paul Johnson alipowaletea Nyigu wa Manjano mfumo wa ushambuliaji ambao nusu ya mashabiki waliuona wa kizamani na nusu nyingine waliuona dawa. Mabishano hayajaisha hadi leo. Nimeyakusanya maswali hapa ili nisiwe narudia jibu lile lile kila Jumamosi.

Kwanza kabisa, mchezo wenyewe unakwendaje?

Kwa ufupi sana. Watu 11 kwa 11. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Yadi moja ni kama sentimita 91. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Ukiufikisha eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na teke la nyongeza ni pointi 1. Teke la kupenya katikati ya nguzo bila tachidauni ni pointi 3. Mpira unasogezwa kwa kuurusha mbele au kwa kukimbia nao. Mwenye uamuzi ni kwotabeki, ndiye anayeupokea kutoka kwa senta, yule wa katikati ya mstari wa mbele.

Angalizo la lugha. Ukisikia Wamarekani wakisema "beki" usidhani ni mlinzi kama beki wetu wa kushoto. Kwao ni yule anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, na mara nyingi ndiye mshambuliaji hatari kuliko wote. Ndiyo maana hapa nawaita wakimbiaji, tusije tukapotezana.

Opsheni ni nini hasa?

Umecheza mpira wa mtaani, unajua hali ya wawili kwa mmoja. Wewe na mwenzako mmevuka kiungo, amebaki beki mmoja mbele yenu. Akikujia wewe, unampasia mwenzako. Akimfuata mwenzako, unakwenda mwenyewe. Beki yule, hata awe hodari namna gani, atakosea tu, kwa sababu wewe unasubiri achague ndipo nawe uchague kinyume chake. Hiyo ndiyo opsheni.

Tofauti ni kwamba Johnson aliipanga mara mbili ndani ya mchezo mmoja, yaani jaribio moja, si mechi nzima. Mifumo mingine mingi inajitahidi kila mlinzi awe na mtu wa kumzuia. Opsheni inawaacha wawili huru kwa makusudi. Mstari wa mbele unampita mlinzi wa pembeni kana kwamba hawakumwona, na watu waliookolewa hapo wanakwenda kuwazuia wengine ndani zaidi. Kwotabeki anageuka na kuuweka mpira tumboni mwa mkimbiaji wa kati anayekuja kasi kama lori lisilo na breki, lakini mikono yake bado imeushika. Kwa kitambo kile, chini ya sekunde moja, wote wawili wameushika. Macho ya kwotabeki yako kwenye mabega ya yule mlinzi aliyeachwa. Mabega yakiingia ndani kumkaba mkimbiaji, anauchomoa na kutoka nje. Yakibaki nje, anauachia na mkimbiaji anapenya katikati.

Akiuchomoa anakutana na mlinzi wa pili aliyeachwa huru, na hesabu ni ile ile: akimjia, anautupa pembeni kwa mkimbiaji wa tatu anayekimbia sambamba naye, akimfuata yule wa pembeni, kwotabeki anapiga kona na kukata mbele. Machaguo matatu, mchezo mmoja, na hakuna mtu aliyejua uwanjani, hata kocha mwenyewe, nani atamaliza na mpira. Kwenye televisheni mara nyingi mpiga kamera alimfuata mtu asiye na kitu.

Kwa nini Tech waliamua kubadilisha mfumo?

Kocha aliyetangulia, Chan Gailey, hakuwa mbovu. Aliongoza misimu sita, 2002 hadi 2007, akashinda michezo 44 na kupoteza 32, na kila mwaka timu ilipata mchezo wa baada ya msimu. Alikuwa naye Calvin Johnson, mpokeaji, yaani mdakaji wa pasi, aliyechaguliwa wa pili katika usajili wa 2007 wa NFL, ligi ya kulipwa. Kwa upande wa mbio alikuwa na Tashard Choice, aliyeongoza ACC, ligi ya vyuo wanayocheza Tech, kwa yadi misimu miwili mfululizo.

Lakini alicheza na Georgia mara sita, akafungwa mara sita. Kwa mtu wa Dar nikimwambia kocha amekutana na mtani wa jadi mara sita na kuambulia sifuri, hahitaji maelezo zaidi. Atashangaa tu huyo kocha alidumu vipi. Georgia, yaani chuo kikuu cha jimbo kilichoko Athens, ni wakubwa kwa uwanja, kwa fedha na kwa usajili. Tech ni chuo cha wahandisi katikati ya Atlanta, na kila mwanafunzi lazima apambane na hesabu, awe mchezaji au asiwe. Ukishindana na mkubwa kwa silaha zake mwenyewe, atakupiga nazo. Hoja iliyomleta Johnson, nionavyo mimi, ilikuwa hiyo: leteni kitu ambacho wao hawakioni mazoezini.

Paul Johnson alitoka wapi?

Kutoka chuo cha wanamaji, Navy. Alipoingia huko kama kocha mkuu mwaka 2002, alishinda michezo 2 na kupoteza 10. Miaka mitano baadaye, Novemba 2007, Navy hiyo hiyo iliichapa Notre Dame 46-44 baada ya nyongeza tatu za muda, na kuvunja mkosi wa vipigo 43 mfululizo. Mwezi uliofuata Tech wakamchukua.

Kabla ya hapo alikuwa Georgia Southern, kwanza kama kocha wa mashambulizi katika mataji ya 1985 na 1986, kisha kama kocha mkuu aliyebeba mataji ya daraja lao mwaka 1999 na 2000. Kwa hiyo wale walioandika kwamba opsheni ni majaribio ya mtu wa kambini walikuwa hawajasoma wasifu wake. Alikuwa akiifundisha zaidi ya miaka ishirini, na sehemu yake ndani ya jimbo hili hili.

Wakimbiaji walikuwa wangapi, na kila mmoja alifanya nini?

Watatu nyuma, ukiacha kwotabeki. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo tulia kidogo.

Mkimbiaji B anasimama nyuma kabisa ya kwotabeki, magoti yameinama, mkono mmoja chini. Ndiye wa katikati. Huyu ndiye chaguo la kwanza katika kila mchezo, hata asipopewa mpira, kwa sababu lazima walinzi waamini kwamba atapewa. Anakimbilia pengo akiwa hajui kama mpira utabaki tumboni mwake au utachomolewa. Asipopewa, anatakiwa aendelee kukimbia na kugongwa kama vile anao. Siku nyingine mkimbiaji B wa Tech alikuwa akiangushwa mara thelathini huku mpira ameubeba nusu ya hizo tu. Ni kazi ya punda yenye sifa za farasi.

Wakimbiaji A ni wawili, mmoja kila upande, wanasimama nyuma kidogo ya ncha za mstari. Hawa ni wepesi, mara nyingi wafupi. Kabla mpira haujatoka kwa senta, mmoja anaanza kukimbia nyuma kwa nyuma kuelekea upande wa pili, na ndiye atakayetupiwa pembeni ikifikia chaguo la tatu. Yule mwingine, wa upande ambao mchezo unakwenda, anazuia. Watu hawalisemi hili, lakini mkimbiaji A wa opsheni ni mzuiaji kwanza. Yadi alizopata mkimbiaji A Roddy Jones pembeni zilikuwa yadi za mwenzake aliyelala chini na mlinzi mikononi.

Baadhi ya walioshika nafasi hizi walikuwa na hadithi zao. Robert Godhigh alianza bila ufadhili wa masomo, mfupi kiasi cha kupotea nyuma ya mstari wake mwenyewe, akaishia kuwa mmoja wa wakimbiaji A wa kuogopwa. Synjyn Days alisajiliwa kama kwotabeki, akahamishiwa A, na mwaka 2014 mkimbiaji B Zach Laskey alipoumia, Days akasogezwa B. Kwenye Orange Bowl ya msimu huo, moja ya mechi kubwa za baada ya msimu, alikimbia yadi 171.

Jonathan Dwyer alikuwa mzuri kweli, au mfumo ndio uliombeba?

Swali hili limevunja urafiki wa watu, kwa hiyo nitasema langu halafu mnipige mawe.

Dwyer ni kijana wa Marietta, alisajiliwa wakati wa Gailey, kwa mfumo mwingine kabisa. Mwaka 2007 alikuwa akimsubiri Choice. Alikuwa na kilo 100 na ushee, lakini akishavuka mstari wa kwanza miguu yake ilikuwa ya mtu mwepesi, na hapo ndipo siri ilipo. Wakimbiaji B wengi wanakupa yadi nne nne za uhakika, kama mtu anayechota maji kisimani. Dwyer alikupa hizo nne, kisha ghafla sitini. Mlinzi aliyekosea kuchagua hakuadhibiwa kwa yadi chache, aliadhibiwa kwa tachidauni.

Msimu wa 2008 alikimbia yadi 1,395 na akatajwa mchezaji bora wa ACC. Msimu wa 2009 alikimbia yadi 1,395. Hapana, sijarudia kwa makosa. Ni namba ile ile, misimu miwili tofauti. Kilichobadilika ni jasho: mara ya kwanza alibeba mpira mara 200, mara ya pili 235, kwa sababu walinzi walikuwa wamekwisha kumjua na kila mtu alikuwa akimtazama yeye kwanza. Na walipomtazama yeye, kwotabeki Josh Nesbitt alipita na yadi zaidi ya 1,000 za kwake na tachidauni 18.

Mfumo ulimbeba? Baada yake Anthony Allen, aliyekuwa mkimbiaji A mwaka 2009, alisogezwa B mwaka 2010 na kupata yadi 1,316. Kwa hiyo ndiyo, nafasi ile ilizaa yadi. Ila yadi za Allen hazikumfanya mlinzi arudi nyuma hatua mbili kabla mchezo haujaanza. Za Dwyer zilifanya hivyo.

Huyo Adrian Peterson aliyekimbia kwa Johnson kule Georgia Southern ndiye yule wa Minnesota Vikings?

Hapana. Ni majina tu. Yule wa Vikings alitoka Oklahoma.

Msimu wa kwanza ulikwendaje? Wazee wanausimulia kama ndoto.

Haukuwa ndoto mfululizo. Walianza kwa kuifunga Jacksonville State 41-14, kisha wakaishinda Boston College ugenini 19-16, wakafungwa na Virginia Tech 20-17. Oktoba walicheza na Gardner-Webb, timu ya daraja la chini, wakaponea chupuchupu 10-7. Siku ile jamaa mmoja aliyekaa nyuma yangu alivua kofia yake ya Tech, akaikalia, na hakuivaa tena mpaka mchezo ulipoisha. Sikumlaumu. Siku ile alicheza kwotabeki wa akiba, na kwotabeki wa akiba katika opsheni ni kama dereva wa akiba kwenye gari lenye usukani wa upande usiouzoea: anajua barabara, lakini mkono unatafuta gia dirishani.

Wakafungwa na Virginia nyumbani, wakachapwa 28-7 kule North Carolina. Katikati ya hapo waliifunga Florida State 31-28, baada ya wageni kuangusha mpira karibu kabisa na mstari wa tachidauni dakika za mwisho. Kisha ikaja Alhamisi ya tarehe 20 Novemba dhidi ya Miami. Tech walikimbia yadi 472 na kushinda 41-23. Hapo ndipo kelele za "mfumo huu hautafaa ligi kubwa" zilipoanza kupungua sauti.

Walimaliza na ushindi 9 na vipigo 4.

Ni kweli waliifunga Georgia kwa pasi moja?

Kweli, na nitaieleza hii taratibu kwa sababu ndiyo sababu ya nusu ya maswali yote mengine.

Ilikuwa tarehe 29 Novemba 2008, Athens. Georgia walikuwa wameanza msimu ule wakishika namba 1 nchini. Walikuwa na Matthew Stafford wa kurusha na Knowshon Moreno wa kukimbia. Tech hawakuwa wamewafunga tangu 2000. Mapumziko yalifika matokeo yakiwa 28-12, mtani akicheka.

Kipindi cha pili, jaribio la kwanza kabisa la Tech wakiwa na mpira: Dwyer katikati. Walinzi wa Georgia walikimbilia nje, kumfuata Nesbitt na wale wa pembeni. Katikati pakafunguka. Dwyer alipita pale kama mtu anayetoka mlango wa nyuma wa nyumba yake, yadi 60 hadi tachidauni. Kuanzia hapo ikawa vurugu. Walipokaza katikati, mpira ukatoka nje kwa Roddy Jones. Walipotoka nje, Dwyer. Robo ile ya tatu peke yake Tech walipata pointi 26.

Jones alimaliza na yadi 214, Dwyer 144, timu nzima 409 kwa kukimbia. Pasi iliyomfikia mwenyewe ilikuwa moja. Stafford alirusha tachidauni tano siku hiyo hiyo, na bado akafungwa 45-42. Ukitaka kumkera shabiki wa Georgia mwenye umri wa makamo, mwambie tu hizo namba mbili halafu nyamaza.

Cha ajabu ni kwamba Johnson aliwafunga Georgia mara tatu tu katika miaka yake yote, na zote tatu kwao Athens: 2008, 2014 na 2016. Mwaka 2014 Harrison Butker, ambaye baadaye mlimwona Kansas City, alisawazisha kwa teke la yadi 53 muda ukiyoyoma, wakashinda 30-24 katika nyongeza. Mwaka 2016 mkimbiaji A, Qua Searcy, aliruka ndani ya kona zikiwa zimebaki sekunde 30, 28-27. Nyumbani Atlanta hakuwahi kuwafunga hata mara moja. Sina maelezo. Mganga atafutwe.

Kwa hiyo hawakuwa wanarusha kabisa? Mpokeaji gani angekubali kwenda huko?

Walirusha kidogo, lakini walirusha mbali. Fikiria wewe ni mlinzi wa nyuma. Jaribio la kumi, la ishirini, la thelathini, kila mara ni kukimbia, na kila mara kocha wako anakupigia kelele usogee mbele usaidie. Unasogea. Jaribio la thelathini na moja Nesbitt anaingiza mpira tumboni mwa Dwyer, wewe unaruka mbele, na mtu anakupita nyuma yuko peke yake yadi arobaini kutoka hapo.

Mtu huyo alikuwa Demaryius Thomas. Mwaka 2009 alidaka mipira 46 tu, idadi ambayo wapokeaji wa vyuo vingine waliipita kabla ya Novemba, lakini ilimpa yadi 1,154, yaani wastani wa yadi 25 kila anapodaka. Denver walimchukua raundi ya kwanza ya usajili wa NFL, wa 22, mwaka 2010. Alifariki Desemba 2021 akiwa bado kijana, na siku hiyo hata mashabiki wa Georgia ninaowajua hawakuleta utani.

Sasa, upande wa pili wa shilingi: usajili wa wapokeaji na makwotabeki warushaji ulikuwa mgumu, hilo siwezi kulikana. Kijana anayeota NFL anataka kuonekana akirusha mara arobaini. Makocha wa timu shindani walilitumia jambo hilo sebuleni kwa wazazi, na lilifanya kazi.

Ni kweli kocha alikuwa haogopi jaribio la nne?

Hakuogopa, na hesabu ilikuwa upande wake. Timu inayopata yadi tatu au nne kila inapokimbia katikati, ikibakiza yadi moja, kwa nini ipige teke? Novemba 2009 dhidi ya Wake Forest, katika nyongeza, Tech walikuwa nyuma kwa pointi 3, jaribio la nne, imebaki yadi moja. Teke lingesawazisha. Nesbitt akaingia mwenyewe katikati ya rundo, wakaipata, kisha akafunga: 30-27. Kama angezuiwa, Johnson angeitwa mwendawazimu mpaka leo. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

Kwa nini timu zikipata muda wa kujiandaa ziliwamudu?

Hili ndilo shambulio zito kuliko yote na lina ukweli. Baada ya msimu wa 2008 LSU, waliokuwa na takriban mwezi mzima wa maandalizi, waliwachapa 38-3. Baada ya 2009 Iowa waliwafunga 24-14 kwenye Orange Bowl. Mwaka uliofuata Air Force, ambao wenyewe wanacheza opsheni, 14-7. Johnson alipoteza michezo yake minne ya kwanza ya baada ya msimu akiwa na Tech.

Sababu si uchawi. Nguvu ya opsheni nusu yake ni ugeni. Kwa wiki moja ya kawaida huwezi kumfundisha mlinzi asahau alichofanya miezi mitatu, na hakuna kikosi cha akiba kinachoweza kuiigiza kwa kasi ile mazoezini. Ukipewa wiki nne, unaweza. Unampa kila mlinzi mtu mmoja wa kumfuata bila kujali nini kinatokea: wewe ni wa B, wewe wa kwotabeki, wewe wa pembeni, basi.

Halafu kuna kasoro ya pili: ukitanguliwa kwa pointi 17, saa inakuwa adui. Opsheni inakula muda, ni raha ukiwa mbele, ni mateso ukiwa nyuma.

Ila wanaosema ilishindwa kabisa kwenye michezo mikubwa waniambie kuhusu Orange Bowl ya msimu wa 2014. Mississippi State walipata muda wote wa kujiandaa, wakafungwa 49-34, Tech wakikimbia yadi 452.

Kuzuia kwa kujitupa magotini si rafu?

Wakati ule hapana, kwa masharti. Wazuiaji wa Tech walikuwa wepesi kuliko walinzi waliowakabili, kwa hiyo badala ya kusukumana nao kifua kwa kifua walijitupa mapajani ili waanguke. Makocha wapinzani walilalamika kila wiki, na walinzi walitumia mikono yao kujikinga miguu badala ya kumtafuta mwenye mpira, jambo ambalo kwa Tech lilikuwa faida ya bure.

Sheria zikabana. Mwaka 2018 kuzuia chini ya kiuno kulikatazwa ukishavuka yadi 5 mbele ya mstari. Mwaka 2022 kukabaki kuruhusiwa ndani ya eneo dogo la katikati tu. Mkimbiaji A aliyekuwa akimkata mlinzi kule pembeni leo atapigiwa filimbi. Kwa maoni yangu sheria hiyo ya pili ndiyo iliyoiumiza opsheni kuliko kocha yeyote wa ulinzi, ingawa kwa usalama wa magoti ya vijana siwezi kuipinga.

Taji la ACC la 2009 lipo au halipo?

Uwanjani lipo: waliifunga Clemson 39-34. Kwenye vitabu halipo. Mwaka 2011 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ililifuta, kwa sababu ya mavazi ya thamani ya dola 312 aliyopewa mchezaji na namna chuo kilivyoushughulikia uchunguzi wenyewe. Dola 312. Mashabiki wanasema taji ni lao na mimi sitagombana na mtu aliyekuwepo.

Ni hawa hawa walioshinda 222-0?

Hawa hawa, dhidi ya Cumberland, Oktoba 1916. Kocha alikuwa John Heisman, yule ambaye tuzo ya mchezaji bora wa vyuo ina jina lake. Haihusiani na opsheni, lakini kila anayekuja nyumbani kwangu anauliza.

Mbona waliacha?

Johnson alitangaza kustaafu Novemba 2018. Aliyemfuata, Geoff Collins, aliahidi kuleta mfumo wa kisasa wa kutandaza wapokeaji na kurusha. Tatizo ni kwamba alirithi wazuiaji wepesi waliozoea kutambaa, wakimbiaji A ambao hawakuwa na nafasi popote katika mfumo mpya, na kwotabeki wa kukimbia. Msimu wa 2019 ulikuwa ushindi 3 na vipigo 9. Alidumu mpaka Septemba 2022, akaondolewa, akaingia Brent Key, ambaye aliwahi kuuchezea mstari wa Tech mwenyewe.

Ukiwauliza mashabiki, wapo wanaosema Johnson aliacha ghala tupu, na wapo wanaosema ghala lilikuwa limejaa mahindi na aliyekuja alitaka mchele. Mimi niko na hao wa pili. Mwaka 2023 Johnson aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa futiboli ya vyuo, ambao jengo lake liko hapa hapa Atlanta.

Nataka kuiona opsheni kwa macho yangu. Nianzie wapi?

Jumamosi tafuta vyuo vya kijeshi: Army, Navy, Air Force. Wote bado wana sura za mfumo huu, ingawa wamekwisha kuchanganya na mambo mengine kwa sababu ya sheria nilizozitaja.

Ukikaa kutazama, usiufuate mpira. Kabla haujatoka kwa senta, mtafute mlinzi aliyesimama nje kidogo ya mtu wa mwisho wa mstari. Mchezo ukianza, angalia kama kuna mtu anamgusa. Kama hakuna anayemgusa, mtazame yeye tu, na mabega yake yanaelekea wapi. Binamu yangu wa Tanga alifanya hivyo majaribio matatu mfululizo, na la nne akapaza sauti "anautoa nje!" kabla mtangazaji hajafungua mdomo. Siku hizi wenzake kazini ndio wanaomuuliza yeye.